Mnara Wangu Juu ya Bomba la Maji

Nimeombewa dua mara mbili kwenye kaburi langu, na mara zote mbili nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale, mzima, na vumbi la chaki mikononi.

Mara ya kwanza alikuwa mama mmoja aliyetoka Mboko na beseni la mihogo kichwani. Alipofika kwenye robine, yaani bomba la kutekea maji la avenyu yetu, hapa Baraka, alishusha beseni, akafanya ishara ya msalaba, akanong'ona kidogo, akajitwika tena. Mara ya pili alikuwa mzee mwenye kofia ya kufumwa, aliyekuwa anateremka ziwani kupanda boti ya Kazimia. Yeye aliinua viganja, akasoma taratibu, akapangusa uso. Mimi ni Mprotestanti. Simjui muumini mwenzangu mwingine aliyehudumiwa na dini mbili za watu kabla hajafa.

Yule mzee nilimfuata.

"Papa, hapa hapakuzikwa muntu."

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mfiwa ambaye bado hajakubali.

"Miaka tano tu," akasema, akigusa tarakimu zilizochongwa kwenye saruji. "Mutoto mudogo kabisa. Jikaze, mwanangu. Mungu njo alileta, njo amekamata."

Nikamshukuru. Ningefanya nini? Mtoto yule wa miaka mitano nilikuwa mimi, na miaka yenyewe ilikuwa muda wangu wa uprezida.

Nieleze kwa utaratibu, maana utaratibu ndiyo sifa pekee ambayo hata mke wangu haninyimi.

Avenyu yetu ina robine moja. Maji yanatoka kwenye chemchemi huko milimani, yanateremka kwa bomba, yanagawanywa avenyu kwa avenyu. Kila robine ina komite yake, na kila komite ina prezida wake. Kazi ya prezida ni kufungua kufuli asubuhi, kulifunga jioni, na kuamua bidoni, yaani dumu la maji, ya nani ilitangulia. Hiyo tu. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mtu aliyezoea kusikilizwa na watu waliokaa, na nilipochaguliwa niliipokea kazi ile kana kwamba nimekabidhiwa nchi. Nilichongesha muhuri. Nilinunua daftari la jalada gumu. Kila kilichotokea kwenye robine kiliingia humo: nani alimwaga maji ya nani, mbuzi wa nani alikunywa wapi, mvua ilianza saa ngapi. Bamama waliokuwa wakigombana walinyamaza mara tu waliponiona natoa kalamu. Nilidhani ni heshima. Baadaye niliambiwa walikuwa wanasubiri niondoke ili waendelee.

Mwaka wa tano, dale ya robine, yaani ile sakafu ya saruji wanaposimama watu, ilitengenezwa upya, na saruji ikabaki. Watu walitaka ukuta mfupi wa kuzuia mbuzi. Mimi nilipendekeza kumbukumbu. Daftari langu linasema pendekezo lilipitishwa kwa kauli moja. Ni kweli hakuna aliyepinga. Ilikuwa saa ya kuteka maji, watu walikuwa wengi, na nilizungumza kwa sauti ya kadiri.

Tulimleta fundi mmoja mrefu, mpole, asiyependa maneno. Alinijengea mnara wa kimo cha kifua, wenye ngazi mbili chini na uso ulioinama kidogo kama kitabu kilichofunguliwa. Herufi zilichongwa kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi. Juu kabisa jina langu, pamoja na lile jina la tatu ambalo hata shule yangu hailitumii. Chini yake: Prezida wa Komite ya Maji. Kisha mwaka niliochaguliwa, kistari, na mwaka tuliokuwamo. Halafu nikaacha nafasi tupu kwa ajili ya kipindi cha pili. Na mwisho sentensi iliyonigharimu jioni tatu za kufikiri: WEWE UNAYEKUNYWA, UNIKUMBUKE.

Uchaguzi ulifanyika wiki chache baadaye. Kwetu komite huchaguliwa kwa foleni: wagombea wanasimama mbele, na kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Njia hiyo haina wizi, na haina huruma. Mshindani wangu alikuwa mama mwenye boti ya injini, wa familia moja ya Waislamu wa huku pwani ya ziwa, anayepeleka bidhaa Kazimia na kurudi na samaki. Mimi nilikuwa na hotuba ya kurasa nne. Yeye alikuwa na sentensi moja: "Mi nitafungua robine saa kumi na moja." Mimi nilikuwa nafungua saa kumi na mbili na nusu, nikishamaliza chai.

Nilipogeuka kuitazama foleni yangu nilimwona katibu wa komite na mwanamume mmoja aliyekuwa anasubiri mtu mwingine. Mke wangu alikuwa kwenye foleni ya pili.

"Ulisimama kule," nilimwambia tulipofika nyumbani.

"Kule njo kulikuwa kivuli," akajibu.

Hilo pia niliandika.

Mnara ukabaki. Hakuna aliyeuchukia. Bamama waliegemeza bidoni zao juu yake wakisubiri zamu, na kwa kuwa tulichanganya saruji na mchanga wenye tope, maandishi yakaanza kuliwa. Kilichotangulia kwenda ni jina langu. Kikafuata cheo. Mwishowe ilibaki ile miaka miwili na kistari chake, na huko chini neno UNIKUMBUKE. Mgeni anayepita angefikiri nini? Angefanya walivyofanya yule mama wa Mboko na yule mzee wa kofia.

Nilikuwa naweza kuishi na hilo. Kuna watu wengi wakubwa duniani ambao hawajaombewa hata mara moja. Shida ilikuja maji yalipokatika.

Ilikuwa mwanzo wa mvua. Asubuhi moja robine ilikohoa, ikatema tope jekundu, ikanyamaza. Avenyu ya juu yetu ilikuwa na maji. Ya chini yetu ilikuwa na maji. Yetu tu ndiyo ilikauka. Watu wetu wakaanza kupanda avenyu ya juu, ambako mgeni anateka baada ya wenyeji wote, au kuteremka ziwani. Na kila mtu wa Baraka anajua maji ya ziwa yanaleta nini wakati wa mvua. Muuguzi wa kituo cha afya alipita nyumba kwa nyumba akirudia lile tunalolijua: chemsheni, wekeni dawa, kipindupindu hakibishi hodi.

Mke wangu ana goti bovu. Akashuka ziwani kama wengine. Nilimwona akirudi na bidoni kichwani, anapumzika kila baada ya nyumba nne. Nilizihesabu nyumba, kwa kuwa nahesabu kila kitu. Alipofika nilimpokea bidoni mlangoni, yaani mahali ambapo safari imekwisha.

Fontenye, yule fundi anayetunza mabomba ya mji, alikuja siku ya tatu na nondo yake. Aliinama kwenye robine, akagonga, akasikiliza, akatembea huku akihesabu kwa midomo. Kila tawi la bomba lina vani yake, koki kubwa iliyofukiwa ardhini ya kufungia na kufungulia maji ya avenyu nzima. Ya kwetu, alisema, imeziba kwa mchanga. Kazi yenyewe haikuwa kubwa: kuifukua, kuifungua, kuisafisha, kuirudisha.

"Iko wapi?" akauliza Mama Prezida, yule mwenye boti.

Fontenye akaugonga mnara wangu kwa ncha ya kiatu. "Huku. Chini ya hii kaburi."

"Si kaburi," nikasema.

"Iko nini?"

Watu wote wakanigeukia.

"Ni kumbukumbu."

"Ya nani?"

Mama mmoja akamwambia mwenzake kwa Kibembe neno ambalo sitaliandika hapa, na foleni nzima ya watu wasio na maji ikacheka.

Mama Prezida hakuhitaji ruhusa yangu. Robine ni ya avenyu, na ardhi ni ya avenyu. Lakini kwa adabu alikuja nyumbani jioni ile, akakaa kwenye kiti cha uani, akaulizia watoto, akaulizia shule, ndipo akasema: "Mwalimu, tumekuja kuomba njia. Tuvunje ile kitu yako, tutoe vani, mayi itoke."

Jibu lilikuwa neno moja. Mimi nilitoa mengi. Nilimweleza kwamba jamii isiyohifadhi alama zake inapoteza fahamu. Nilipendekeza kamati ndogo ya kuchunguza uwezekano wa kuuhamisha mnara mzima mzima. Nilisema historia ikishavunjwa haiungwi tena. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akifunga upya kitenge chake.

"Mwalimu, hiyo historia yako iko na mayi ndani?"

"Historia haipimwi kwa maji, Mama Prezida."

"Basi leta kopo. Bamama bako na kiu, batakunywa hiyo historia."

Huko jikoni nilisikia mwiko ukianguka. Mke wangu hacheki kwa sauti mbele ya wageni. Huwa anaangusha vitu.

"Hatutavunja kitu ya mwalimu kwa nguvu," Mama Prezida akaendelea, akisimama. "Ulitufundishia batoto. Utatuambia siku."

Angenilazimisha ingekuwa nafuu. Sasa maji ya avenyu nzima yalikuwa yanangoja mdomo wangu, na mdomo wangu ukawa na sababu mpya kila siku. Nilimwandikia barua ofisa wa mji, nikaipiga muhuri wangu wa zamani, ambao sikuwa na haki nao tena. Hakujibu. Nilikwenda na kamba ya kupimia nikauchora mnara kwenye daftari, pande zote nne: urefu, upana, kina cha ngazi, hata herufi zilizofutika nilizirudishia kwa kalamu nyekundu. Niliwaambia watu ni maandalizi ya kuuhamisha. Wiki moja ikawa tatu. Mke wangu aliendelea kushuka ziwani, kupumzika kila nyumba nne, baadaye kila nyumba tatu. Jioni aliloweka goti kwenye maji ya moto, maji yale yale aliyoyabeba, na hakuniambia lolote. Siku moja tu alisema: "Leo ku ziwa batu baliniuliza kama bwana yangu alikufa. Nikasema bado."

Kilichoniangusha ni shairi.

Kila mwaka nafundisha darasa la sita la sekondari, wale wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa, shairi moja la zamani la Kiingereza, la mistari kumi na minne. Linahusu mfalme aliyejijengea sanamu ili dunia nzima imwogope. Sanamu ilishavunjika, ufalme ulishapotea, na kilichobaki ni majigambo yake na mchanga. Nina nakala moja, fotokopi ya fotokopi, ambayo mstari wa saba hausomeki tena. Huwa naujaza kwa kichwa, na kila mwaka naujaza tofauti kidogo.

Ni somo ninalolifundisha vizuri. Natembea kati ya madawati. Nasimulia habari za wakubwa wa huko Kinshasa ambao sura zao zilikuwa kwenye kila shati na kila ukuta, na leo hata mashati hayapo. Ninapofika kwenye majigambo napaza sauti, na ninapofika kwenye mchanga naishusha mpaka wanainamia mbele wasikie. Kwa miaka yote sikuwahi kumtafuta yule mfalme karibu zaidi ya Kinshasa.

Mwaka huo mkaguzi wa shule alikuwa ametuhimiza tutumie mifano ya mazingira yetu. Basi nikauliza: nani anaweza kutoa mfano kutoka hapa Baraka?

Ilionekana wote walijua jibu. Wengine wakatazama dirishani. Kisha msichana mmoja wa safu ya pili, wa avenyu yetu, akainua mkono.

"Munara ya ku robine, Mwalimu."

Nikamwambia aseme kwa Kiingereza, nikitumaini lugha itamshinda. Akasimama akasema kwa Kiingereza, sentensi kamili, kitenzi mahali pake, bila kosa hata moja. Ililazimu nimpe alama.

"Tofauti ni kubwa," nikasema, nikijitahidi kucheka. "Mfalme wa kwenye shairi alikuwa dikteta."

"Njo, Mwalimu," akasema mwingine kutoka nyuma, kwa heshima zote. "Lakini ule mufalme hakuzuia muntu mayi. Kule kulikuwa jangwa tayari."

Nimefundisha kwa muda mrefu na sijawahi kusikia shairi lile likichambuliwa vizuri hivyo. Niliandika kazi ya nyumbani ubaoni, nikatoka kabla ya kengele, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Prezida. Nilimkuta ufukoni anasimamia upakiaji wa boti yake. Nilimwambia: Jumamosi. Na nitauvunja mimi mwenyewe.

"Fontenye iko na vijana ya kuvunja," akasema.

"Mimi mwenyewe."

Alinitazama, nadhani aliona ugonjwa ule ule umebadili upande tu. Lakini alikuwa amesubiri wiki tatu. Akakubali.

Jumamosi nilikuja na nyundo kubwa ya kuazima na shati kuukuu. Watu walijaa, na nilitaka wajae. Kabla ya pigo la kwanza nilitoa hotuba juu ya unyenyekevu, na ninaona kwenye daftari kwamba ilikuwa ndefu kuliko hotuba ya siku ya kuzindua. Kisha nikapiga. Nyundo ikadunda, karibu inivunje bega. Nilidhani mnara umechakaa. Kilichochakaa kilikuwa jina langu tu. Ndani fundi alikuwa ameweka mawe mazuri ya mlimani na kazi ya mtu mwaminifu. Nilipiga asubuhi yote. Fontenye alikuja mara mbili kunipokea nyundo, nikakataa mara mbili, mikono ikitoka malengelenge.

Saruji ya juu ilipokwisha, fontenye alisema, "Inatosha, Mwalimu. Acha musingi, tutachimba pembeni."

"Hapana," nikasema. "Wote."

Nikang'oa msingi. Nikang'oa jiwe moja moja. Nilitaka mtoto atakayezaliwa kesho asijue kwamba pale palikuwa na kitu. Kifusi chote nilikipakia kwenye burueti, toroli la gurudumu moja, nikakisukuma safari baada ya safari hadi shuleni, nikajaza lile dimbwi la tope mbele ya darasa la sita, mahali ambapo ningeonekana. Kisha nikarudi na ufagio. Ndiyo, nilifagia. Watu walipiga makofi, na nikasikia Mama Prezida akisema, "Sasa Mwalimu ameanguka muzuri." Mke wangu alileta bidoni mbili tupu, akazipanga za kwanza kwenye foleni.

Wakachimba. Kwenye kina cha mkono mmoja jembe liligonga bomba. Watu wakashangilia. Fontenye akaingia shimoni, akapangusa udongo kwa viganja. Bomba lilikuwa limekatwa. Ncha yake ilikuwa imezibwa kwa kipande cha mti kilichovilingishwa mpira wa tairi la baiskeli. Vani haikuwapo.

"Nani alikata hii?" akauliza.

Hapo ndipo kumbukumbu iliponirudia. Siku ya kujenga, fundi alikuwa anachimba msingi na mimi nimekaa juu ya mfuko wa saruji nachora herufi za jina langu kwenye karto, kipande cha boksi. Alisema, "Prezida, hapa chini kuko vani." Nami bila kuinua kichwa nikajibu, "Sogeza." Nilimaanisha asogeze mnara. Au labda sikumaanisha chochote. Nilikuwa na herufi iliyokuwa inaniinamia vibaya. Yeye, mtu mpole asiyependa maneno, na mimi nikiwa prezida, alisogeza vani: alilikata bomba pale, akaziba ncha, akalipitisha pembeni.

Nilikimbilia nyumbani nikafungua daftari kwenye siku ile. Kimo cha herufi kimeandikwa. Soda zilizonyweka zimeandikwa. Mawingu juu ya rasi ya Ubwari yameandikwa. Kuhusu vani, hakuna neno.

Fontenye alieleza mambo yalivyo. Kulifuata bomba kutoka kwenye robine ni kuvunja dale yote mpya, na kulifuata kutoka upande wa juu ni kuchimba barabara wanayopita malori, jambo linalohitaji ruhusa ya mji, na tulishajua barua zinavyojibiwa. Njia rahisi ilikuwa kumuuliza fundi. Fundi alikuwa ameshakwenda Misisi kuchimba dhahabu. Simu yake haikupatikana. Mama Prezida akampa ujumbe mwendesha moto mmoja, yaani mwenye pikipiki, anayepeleka mafuta huko, naye akaondoka na mvua mgongoni.

Alirudi siku ya tano, amejaa tope hadi kifuani. Tulimzunguka hata kabla hajazima moto.

"Fundi anabasalimia wote," akasema. "Anamusalimia Prezida sana." Alimaanisha mimi. "Anasema vani iko salama, alifunika na bamba ya chuma. Anasema mutafute kona ya munara, upande ya ziwa. Pale munahesabu hatua mbili, munachimba mukono moja. Kwisha."

Mama Prezida akanigeukia.

"Anasema alichagua pale sababu munara njo alama. Batu banaweza sahau yote, lakini munara, yeye alijenga na nguvu, hautatoka." Akavua kofia yake ya moto, akaangaza macho huku na huku. "Munara iko wapi?"

Tangu siku hiyo tumechimba mashimo matatu. Mchoro wangu umepita mikono yote. Una urefu, una upana, una pande zote nne na herufi nyekundu. Hauna umbali wa kutoka mnarani hadi kwenye robine, kwa sababu kwenye mchoro wangu robine haimo. Mvua imepanua lile shimo la bomba lililokatwa, na kingo zake sasa ni za maji, si zetu. Upande wa ziwa ulikuwa na kona mbili, na fundi hakusema ipi. Hatua zake ni ndefu. Tulimtafuta mtu wa kimo chake atupimie, tukapata wawili, na hatua zao hazilingani. Mwendesha moto amekwenda Misisi tena na swali la pili, na akafika akaambiwa fundi amehamia shimo jingine, mbele zaidi.

Bidoni sasa nabeba mimi. Napumzika kila nyumba mbili.

Leo asubuhi Mama Prezida alituita wote pale tukubaliane mahali pa shimo la nne. Mke wangu alisimama karibu na dale, akakanyaga chini kwa mguu wake mzima, akasema mnara uliishia hapo. Fontenye akasimama mbele yake, upande wa barabara, hatua tano hivi, akasema ni pale. Kati yao, ukiacha mashimo, palikuwa na ardhi tupu, safi, niliyoifagia vizuri. Wamenitazama mimi niamue. Sikumbuki.